Dawa za kupaka ili nywele ziote: tuzipime mbele ya kuzisifu



Katika masoko yetu, toka Kolwezi mpaka Likasi, toka Kipushi mpaka Lubumbashi, chupa na vikopo vya dawa ya nywele havikosi. Kimoja kinaahidi kuondoa upara wa baba kwa siku 30. Kingine kinaahidi kurudisha nywele za mama zilizokwisha pa paji la uso. Tena kuna dawa zisizo na chupa: maji ya vitunguu, vile tunavyoviita matungulu, mafuta ya mbono, mafuta ya ngazi yaliyochemshwa pamoja na majani, hata mafuta machafu ya motere yaliyotoka katika garaji.

Kwa dispanseri tunaulizwa kila mara: «Munganga, dawa hii ni ya kweli ao ni ya uwongo?» Swali hilo ni zuri, nalo linastahili jibu kamili, kwa sababu mambo matatu makubwa yamo ndani yake. La kwanza ni feza: mshahara wa mwezi ni mmoja, na chupa ya dawa ya nywele inaweza kula chakula cha watoto cha siku nyingi. La pili ni afya: mtu anayepaka mafuta juu ya ugonjwa wa kweli anapoteza wakati, na ugonjwa unaendelea. La tatu ni usalama wa kazi: wako wanaoacha kofia ya kazi kwa kuogopa upara.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: nywele kuota nyuma ya kupaka dawa, hiyo haijawa alama ya kwamba dawa ndiyo iliyoziotesha. Alama ya kweli inapatikana kwa kulinganisha tu. Tuone sababu yake.

NYWELE ZINAOTA NAMNA GANI?

Kichwa cha mtu mzima kina nywele karibu 100.000. Kila unywele una shina lake ndani ya ngozi, kama muhogo ndani ya tuta. Ule urefu tunaouchana na kuusuka ni kitu kilichokwisha kufa. Ndiyo maana kinyozi anapoukata hatusikii maumivu. Kilicho hai ni shina, nalo limejificha chini.

Shina linafanya kazi kwa zamu, sawasawa na timu zetu katika mgodi. Zamu ya kwanza ni ya kuota. Inadumu miaka 2 mpaka 6, na kila mwezi urefu unaongezeka karibu sentimeta 1. Nywele zetu zinazojikunja zinaongezeka mara nyingi chini kidogo ya hapo. Nyuma yake kuna majuma 2 ao 3 ya kufunga kazi. Kisha inakuja zamu ya kupumzika, karibu miezi 3. Mwishoni unywele unaanguka, na shina linaanza kazi upya.

Mashina hayabadilishi zamu yote siku moja. Kwa hiyo kila siku nywele 50 mpaka 100 zinaanguka, na nyingine zinazaliwa. Kuona nywele chache katika kichanuo si ugonjwa.

Kumbuka hesabu hii: sentimeta 1 kwa mwezi, mapumziko ya miezi 3. Mtu anayekuambia atajaza kichwa chako kwa siku 30 amekwisha kujihukumu mwenyewe. Kazi ya nywele inahesabiwa kwa miezi, haihesabiwi kwa siku.

KWA NINI KILA DAWA INAPATA SIFA?

Tuchukue mfano. Mama amezaa mtoto. Mwezi wa tatu nywele zinaanza kuanguka nyingi, zinajaa katika kichanuo na juu ya mto. Anaogopa. Mwezi wa tano jirani anamwuzia mafuta, naye anapaka kila jioni. Mwezi wa nane ao wa tisa nywele fupi mpya zinaonekana pembeni ya kichwa. Mama anafurahi, na kartie nzima inasikia habari ya mafuta hayo.

Lakini mambo ya kweli ni haya: wakati wa mimba, nywele nyingi zinabaki katika zamu ya kuota. Nyuma ya kuzaa zinaingia pamoja katika mapumziko, na miezi 2 mpaka 4 nyuma zinaanguka pamoja. Kisha zinarudi zenyewe, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Kama mama angalipaka maji ya kisima, nywele zingalirudi vilevile, na maji ya kisima yangalipata sifa.

Ni hivyo hivyo nyuma ya homa kali. Mtu anaugua malaria ngumu ao homa ya matumbo, anapona, anarudi kazini. Nyuma ya miezi 2 ao 3 nywele zinaanguka. Haelewi sababu, kwa kuwa homa amekwisha kuisahau. Anatafuta dawa ya kupaka, nywele zinarudi, na dawa inasifiwa kwa kazi ambayo mwili uliifanya wenyewe.

Mtego wa tatu ni huu: mafuta mengi hayaoteshi nywele, lakini yanazilainisha ili zisikatike. Nywele kavu zinaota sentimeta 1 juu, zinakatika sentimeta 1 chini, na urefu haubadiliki. Ukizipaka mafuta mazuri hazikatiki tena, nao urefu unaonekana. Ni faida ya kweli, hatuikatai. Lakini mafuta hayo hayatarudisha unywele pahali ambapo shina limekufa.

WANGANGA WANAPIMA NAMNA GANI?

Mtu anayetaka kujua kama mbolea ni nzuri anafanya nini? Anachukua shamba moja, analigawa sehemu mbili, anatia mbolea upande mmoja tu, kisha analinganisha mavuno. Wanganga wanafanya vivyo hivyo na watu. Kundi moja linapewa dawa. Kundi la pili linapewa kitu kinachofanana nayo kwa rangi na kwa chupa, lakini ndani hamna dawa. Wanagawa watu kwa bahati, kama kura. Mgonjwa hajui amepewa chupa gani, na munganga anayehesabu nywele hajui vilevile, ili matumaini ya mtu yasidanganye macho yake.

Tuone mifano mitatu.

Mwaka 1998, wanganga wa Aberdeen, katika Scotland, waliandika habari ya watu wenye nywele zilizotoka kwa mabaka. Kundi moja lilisugua kichwani kila siku mafuta ya majani na miti yenye harufu, ndani yake mlikuwa rozimari na lavanda, yakichanganywa na mafuta mepesi. Kundi la pili lilisugua yale mafuta mepesi peke yake. Kazi hiyo ilidumu miezi 7. Katika kundi la kwanza watu 19 kati ya 43 walipata nafuu. Katika kundi la pili, watu 6 kati ya 41. Basi mafuta ya harufu yalionekana kusaidia. Lakini tazama vizuri wale 6: walipata nafuu bila dawa! Kama kila mmoja wao angalikuwa peke yake katika kartie yake, angaliapa kwamba mafuta mepesi yamemponya.

Mwaka 2002, wanganga wa Irak waliandika habari ya maji ya vitunguu, tena kwa ugonjwa ule ule wa mabaka. Watu 23 walipaka maji ya vitunguu mara mbili kwa siku. Nyuma ya majuma 6 nywele zilikuwa zimeota kwa watu 20. Watu 15 walipaka maji ya robine. Nywele ziliota kwa 2 tu. Habari hiyo ni nzuri, lakini isomwe kwa akili. Kwanza, watu ni wachache. Pili, kitunguu kinanuka: kila mtu alijua amepewa nini. Tatu, ulikuwa ugonjwa wa mabaka, haukuwa upara wa wazee. Anayepaka vitunguu juu ya upara wa urithi kwa sababu ya habari hiyo ameisoma nusu.

Mfano wa tatu ni dawa iitwayo minoksidili, nayo inastahili sehemu yake peke yake.

MINOKSIDILI: INAFANYA NINI, NA HAIFANYI NINI

Dawa hii haikutengenezwa kwa ajili ya nywele. Kampani ya Upjohn ya Marekani iliitengeneza kama kidonge cha kushusha damu inayopanda, kwa kupanua mishipa. Serikali ya Marekani iliruhusu kidonge hicho mwaka 1979. Lakini wagonjwa waliokimeza waliota nywele usoni na mikononi. Wanganga wakawaza: tukiitia katika maji ya kupaka, je, itaotesha nywele kichwani?

Hawakuridhika na mawazo. Waliwapima wanaume wengi wenye upara. Walichora kichwani duara ndogo yenye upana wa karibu sentimeta 2 na nusu, wakahesabu nywele zilizo ndani yake, kisha wakahesabu tena nyuma ya miezi. Wanaume walipoulizwa nyuma ya miezi 4, 26 kati ya kila 100 waliopaka minoksidili ya asilimia 2 walisema nywele zimeota kwa kiasi cha kuonekana vizuri. Kati ya wale waliopaka maji yasiyo na dawa, 11 kati ya kila 100 walisema vivyo hivyo. Mwaka 1988 dawa hiyo ya kupaka iliruhusiwa Marekani.

Fikiri juu ya hesabu hiyo. Dawa inafanya kazi, kwa kuwa 26 ni zaidi ya 11. Lakini watu wengi, karibu 3 kati ya 4, hawakuona kitu kikubwa. Na wale 11 waliona nywele nyingi hali hawakupaka dawa hata tone moja. Ndiyo nguvu ya matumaini.

Mwaka 2002 iliandikwa habari ya wanaume 393 waliopimwa kwa majuma 48. Waliopaka minoksidili ya asilimia 5 waliota nywele zaidi kuliko wale wa asilimia 2, karibu asilimia 45 zaidi. Hata hivyo haikurudisha kichwa cha kijana.

Anayetaka kuitumia ajue haya:

1. Inapakwa juu ya ngozi kavu ya kichwa, kwa kawaida mililita 1 mara mbili kwa siku. Kuongeza kipimo hakuongezi nywele. Kunaongeza hatari kwa moyo na kwa ngozi.

2. Majuma ya kwanza nywele zinaweza kuanguka zaidi. Mashina yaliyokuwa yakipumzika yanaamshwa, nayo yanaangusha unywele wa zamani.

3. Usihukumu mbele ya miezi 4. Ukiiacha, nywele zilizoota zinaanguka tena katika miezi 3 ao 4. Kwa hiyo hesabu feza ya miaka, usihesabu feza ya chupa moja.

4. Inasaidia zaidi juu ya utosi kuliko pembeni ya paji la uso. Pahali penye kovu haifanyi kitu.

5. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha asiipake. Mwenye ugonjwa wa moyo ao wa damu kupanda aulize munganga kwanza.

6. Osha mikono nyuma ya kupaka, na kichwa kikauke mbele ya kubeba mtoto. Mwaka 2024 wasimamizi wa dawa katika Ulaya walitoa onyo juu ya watoto wachanga walioota nywele mwilini, kwa sababu waligusa ngozi ya mzazi aliyepaka minoksidili. Ficha chupa mbali na watoto: akiinywa, moyo wake unaweza kuharibika.

7. Chupa nyingi za dawa hii zina alkoli, nayo inawaka. Usiipake karibu na mbabula, mshumaa ao sigara.

KOFIA YA KAZI HAILETI UPARA

Sasa tuzungumze habari inayogusa maisha yetu kazini. Wako wanaosema: «Nywele zangu zimekwisha kwa sababu ya kofia ya kazi. Inabana kichwa, inazuia hewa.» Mwingine anaivua akiwa chini ya udongo ili kichwa kipumue. Ndugu, jiwe likianguka halimwulizi mtu habari ya nywele zake.

Upara wa kawaida wa wanaume unatoka wapi? Mwaka 1942, mtaalamu James Hamilton wa Marekani alieleza habari ya wanaume waliokosa homoni ya kiume tangu utoto. Hawakupata upara, hata wazee wao. Lakini wale walio na urithi wa upara katika jamaa, walipopewa homoni hiyo, nywele zikaanza kupungua. Basi vitu viwili vinashirikiana: homoni ya kiume, ambayo kila mwanaume anayo, na urithi wa jamaa. Homoni inafanya mashina ya utosi na ya paji la uso yawe madogo mwaka kwa mwaka, mpaka unywele unakuwa mwembamba kama manyoya ya kifaranga.

Kofia haina sehemu katika jambo hilo. Shina la unywele halipumui hewa ya nje; linalishwa na damu inayopita ndani ya ngozi. Tazama karani wa ofisi, mwalimu, padri: hawavai kofia ya kazi, na upara wanaupata.

Kofia chafu inaweza kuleta jambo lingine: vipele na usaha, kwa sababu ya jasho na vumbi vinavyokaa katika mkanda wa ndani. Dawa yake ni usafi. Osha mkanda kwa maji na sabuni kila juma. Usiazimane kofia. Usioshe kofia kwa petroli ao kwa maji ya kuondolea rangi, kwa sababu plastiki yake inapoteza nguvu bila wewe kuona. Usivae kofia ya sufu nene chini yake, maana haitakaa imara. Na wewe mwenye nywele ndefu ao misuko, mwanamke ao mwanaume, zifunge zote ndani mbele ya kukaribia mkanda unaobeba mawe ao mashine yoyote inayozunguka. Mashine ikishika msuko inavuta na ngozi ya kichwa pamoja.

MAGONJWA AMBAYO MAFUTA HAYAPONYI

Mbele ya kununua dawa ya kuotesha nywele, uliza kwanza: nywele zimetoka kwa sababu gani? Dawa moja haiwezi kufaa kwa sababu zote.

Choa ya kichwa kwa watoto. Mtoto ana mabaka ya mviringo, ngozi ina magamba, nywele zinakatika karibu na ngozi, pengine kuna usaha. Ni ugonjwa wa kuambukiza, unaopita kwa kichanuo, kwa mashine ya kinyozi, kwa kofia na kwa mto. Vijidudu vimeingia mpaka ndani ya shina, pahali ambapo pomadi haifiki. Inatakiwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma 6 mpaka 8. Mzazi anayepaka mafuta ya kuotesha nywele kwa miezi anawaachia ndugu zake wote nyumbani wapate ugonjwa, na pahali pengine kovu litabaki maisha yote.

Nywele zilizovutwa. Misuko ya kubana na meshi nzito zinavuta shina kila siku, na dawa ya kunyoosha nywele inazidisha hatari. Kwanza kuna maumivu na vipele vidogo, kisha nywele za paji la uso na za pembeni ya masikio zinarudi nyuma. Mama, maumivu baada ya kusuka si alama ya msuko mzuri. Ni shina linalolia. Ukilegeza mapema, nywele zinarudi bila dawa yoyote. Ukingoja miaka, ngozi inakuwa laini na kungaa, mashina yamekufa, na hakuna chupa ya kuyafufua. Usimsuke mtoto wa kike mpaka macho yake yavutwe.

Baka moja ao mawili, ngozi laini bila magamba. Ni ule ugonjwa wa mabaka tuliousema. Kwa watu wengi wenye mabaka machache nywele zinarudi zenyewe katika mwaka. Njoo kwa dispanseri, kwa kuwa kuna dawa za munganga zinazosaidia, na kuna magonjwa mengine, kama kaswende, yanayofanana nao.

Nywele zinazopungua kichwa kizima. Fikiri homa ya miezi 2 ao 3 iliyopita, kuzaa, kukonda sana, ao upungufu wa damu. Hapo kinachotakiwa ni kupimwa damu na kula vizuri: maharagi, sombe, samaki, nyama, mayai, matunda. Mama anayetumia feza kwa mafuta ya kichwa, hali damu yake ni kidogo, anapaka rangi nyumba ambayo msingi wake unapasuka.

VITU VISIVYOWEKWA KICHWANI

Mafuta ya motere, mazuti, maji ya betri, dawa ya wadudu: hivi vyote ni sumu. Vinachoma ngozi, na vingine vinaingia mwilini. Mafuta ya moto yanayotoka juu ya mbabula yanachoma ngozi, na ngozi iliyoungua mpaka chini haioti nywele tena. Pomadi isiyo na jina wala maandishi inaweza kuwa na kortizoni kali, inayopunguza unene wa ngozi. Kusugua kichwa kwa nguvu mpaka damu itoke, ao kukichanja kwa wembe ili dawa iingie, kunafungua mlango kwa vijidudu. Na wembe uliotumiwa na mwingine unaweza kuleta ugonjwa wa maini ao sida.

NAMNA YA KUPIMA MAFUTA NYUMBANI

Mafuta safi, kama ya mbono ao ya nazi, unaweza kuyapima mwenyewe kwa mtu mzima mwenye ngozi isiyo na ugonjwa. Fanya hivi:

1. Paka kidogo ndani ya mkono, pa kiwiko, kwa siku 2. Kukiwasha ao kukivimba, acha.

2. Pima dawa moja tu kwa wakati mmoja. Ukichanganya tatu hutajua ipi imefanya kazi.

3. Gawa kichwa pande mbili. Upande wa kuume paka, wa kushoto usipake. Pande zote zioshwe, zichanwe na zisukwe kwa namna moja.

4. Siku ya kwanza pima kwa rula urefu wa nywele katika pahali pamoja kila upande. Andika tarehe. Piga picha kama unaweza, kwa mwanga ule ule.

5. Pima tena kila mwezi, kwa miezi 4. Mwache mtu mwingine apime, asijue upande gani umepakwa.

6. Pande zikiwa sawasawa, umekwisha kujua: acha kununua. Upande mmoja ukizidi kwa urefu, inawezekana mafuta yamezuia nywele kukatika. Tumia, lakini usiahidi upara wa mwenzako utaota.

7. Minoksidili na dawa za munganga usizipime hivyo bila kuuliza.

Na muuzaji akikupa dawa mpya, umwulize maneno manne: Ndani yake mna nini? Imelinganishwa na nini? Kwa miezi mingapi? Na nikiacha, nywele zitafanya nini? Anayejua dawa yake atajibu. Asiyejibu, feza yako ibaki mfukoni.

UJE KWA DISPANSERI UPESI

Usingoje miezi 4 kama unaona mojawapo la mambo haya: mtoto mwenye mabaka yenye magamba ao usaha, nywele zinazoanguka nyingi kwa siku chache pamoja na ganzi ao maumivu ya miguu, ngozi ya kichwa inayouma, inayochoma ao kuacha kovu, mama anayepoteza nywele pamoja na kizunguzungu na uchovu, mtoto aliyekunywa dawa yoyote ya nywele. Kwa huyo wa mwisho, lete na chupa.

Upara wa urithi wenyewe hauui mtu, na hauzuii kazi wala ndoa. Anayetaka kuutibu ana haki, ajue tu bei na matunda yake. Anayetaka kuuacha anaokoa feza, naye apake mafuta ya kukinga jua tu ao avae kofia anapolima shambani.

Wafanya kazi, tunapima mawe mbele ya kuyapeleka kiwandani, ili tujue kama yana shaba ya kweli. Hatuamini rangi peke yake. Dawa ya nywele ipimwe vivyo hivyo: kwa kulinganisha, kwa kuhesabu, kwa uvumilivu wa miezi. Na kazini kofia ibaki kichwani, kichwa kiwe na nywele ao kisiwe nazo.